Anwani ni Mzee Aidarus

Mwaka 1997, mwezi wa Januari, nilipeleka friza ya mtu kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Ikapokewa. Ikaombewa dua. Na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuitoa, si mimi niliyeileta, si tajiri wangu aliyeiuza, si mwenyewe aliyeinunua.

Nasimulia kwa sababu nawaona humu mtandaoni kila siku mkilia. Mmoja ameagiza viatu kwa simu, kaletewa kandambili. Mwingine ameagiza televisheni, mwenye pikipiki kazima simu. Mwadhani mambo haya yameanza na nyinyi.

Keti nikwambie.

Mimi naitwa Katana. Shule niliiacha darasa la sita kule Kaloleni, nikateremka Mombasa kutafuta kazi ya mikono. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Majengo, na kazi yangu ilikuwa kusukuma mkokoteni wa tajiri mmoja aitwaye Joab.

Joab alikuwa mtu wa bara, mwili kama kabati la milango mitatu, na mlokole wa kweli kweli. Alikuwa akifanya kazi bandarini. Walipopunguza watu alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka la vyombo Bondeni. Vyombo vya mtumba kutoka Dubai: feni, pasi, jiko la gesi, friza.

Lakini Joab hakutaka kukaa dukani akipunga nzi. Alichapisha karatasi zenye picha za vyombo na bei zake, akazisambaza maofisini, kwa washonaji, kwenye maduka ya leso. Chini kabisa aliweka namba ya simu na maneno haya: KETI KWAKO, TUTAKULETEA.

Watu walicheka. Kisha wakapiga simu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja anapiga, dada wa ofisini aitwaye Beryl anapokea. Jina la mteja na chombo alichotaka analiandika kwenye daftari kubwa, na daftari halitoki dukani. Njia ya kufika anaiandika kwenye kikaratasi, ananipa mimi. Napakia, nafunga kamba, nasukuma.

Kizingo hakukuwa na taabu. Nyumba za kule zina namba, zina geti, zina mbwa wa kukuambia kama umekosea.

Mji wa Kale ndio ulionitoa jasho. Huko mtu hakukupa namba ya nyumba. Alikwambia pita msikiti, kata kwa fundi viatu, ukiona mlango wenye misumari ya shaba usiingie huo, ingia wa pili yake.

Na jina nalo halikusaidii kitu. Wiki yangu ya kwanza nilisimama katikati ya kichochoro cha Kibokoni nikapaza sauti kwamba nimeleta pasi ya Bi Salha. Nikarudia, maana nilidhani hakusikia.

Walitoka wanaume watatu. Mmoja akaniuliza kama kwetu majina ya wake za watu huuzwa kwa mnada kama samaki.

Nilirudi dukani na pasi, na sikio moja la moto.

Tangu siku hiyo Beryl hakuniandikia tena jina la mwanamke. Aliandika alama tu. Nyumba yenye dirisha la buluu. Nyumba inayovuja maji. Nyumba iliyofungwa mbuzi mweupe.

Mbuzi mweupe alichinjwa kwenye hitima, na mteja akakaa siku nne bila feni yake. Hilo lilitakiwa linifunze jambo.

Halikunifunza.

Basi siku nne kabla ya Ramadhani Beryl akanipa kikaratasi. Kimeandikwa: Friza moja. Kibokoni. Nyumba anapoketi Mzee Aidarus. Imelipwa yote.

Nilifurahi sana, kwa sababu Mzee Aidarus nilimjua. Nani asiyemjua? Alikuwa karani wa forodha mstaafu. Kofia ya vito, miwani iliyofungwa uzi, redio ndogo ubavuni. Kwa miaka ishirini mzee yule aliketi kwenye baraza moja, nje ya nyumba moja, asubuhi mpaka magharibi. Akiinuka ni swala au chakula. Watu walikuwa wakielekezana kwa kumtaja yeye kama mnavyoelekezana nyinyi kwa kituo cha petroli. Ukifika kwa Mzee Aidarus kata kulia. Ukimpita Mzee Aidarus umepotea.

Nikasukuma. Jua la kaskazi lilikuwa limenikalia utosini, na friza si mto wa pamba.

Nikaingia kichochoroni, nikamwona. Ameketi. Redio ubavuni.

Nikamwamkia, akaitikia. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni friza, na nimeambiwa nyumba anapoketi yeye.

Aliitazama friza. Akanitazama mimi. Akapunguza sauti ya redio.

"Basi mimi si niko hapa, nimeketi?"

Nikaona kweli. Ameketi.

Sitasema uongo, mlango ulinitia shaka kidogo. Nilihisi kama mlango ninaoujua ulikuwa mpana zaidi. Lakini milango ile yafanana, jua lilikuwa kali, na kikaratasi hakikusema mlango. Kilisema Mzee Aidarus.

Nikapiga hodi.

Sauti ya mama ikauliza kutoka ndani ni nani. Nikasema nimeleta friza. Kisha akauliza imetoka kwa nani.

Hapa lazima niwaeleze. Joab alikuwa amenikataza kabisa kuzungumza habari za mteja mlangoni, kwa sababu niliwahi kumtajia mke mkubwa bei ya kabati la mke mdogo. Mume wao alikuja dukani akitafuta mtu wa kupiga. Kwa hiyo nilikuwa na jibu moja tu kwa maswali yote.

"Mimi nimetumwa tu, mama. Imelipwa yote. Hudaiwi kitu."

Halafu nikasikia mtu analia.

Watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa pale barazani walinisaidia kuiingiza. Tukaiweka ukumbini, nyuma ya mlango tu. Yule mama alikuwa amejifunika buibui lake, analia na kuomba. Aliomba aliyetoa azidishiwe, azikwe na imani, asiijue shida. Watu wa kahawa wakaitikia amin. Mzee Aidarus naye, kule kule alikoketi, akaitikia amin. Hata mimi nikaitikia, na kwetu ni Anglikana.

Nikamtolea kikaratasi, akatia mkwaju wa kalamu bila kukisoma. Nikaondoka mwepesi, mkokoteni mtupu, moyo mweupe. Nikasema wateja wote wangekuwa na shukrani kama huyu, kazi hii ningeifanya bure.

Mungu hunisikia ninapoongea upuuzi.

Yule mama, niliyekuja kumjua baadaye, aliitwa Bi Mwanamkuu. Mjane wa mwaka wa pili, binti watatu, sambusa za kuuza mlangoni. Na kuna ada moja ambayo mimi mtu wa Kaloleni sikuijua. Siku zile za kuelekea mfungo, wenye uwezo huwatumia wasio nacho gunia la mchele, sukari, tende. Hutuma hamali, mchukuzi wa mizigo kama mimi. Hamali akiulizwa ni nani katoa, husema yeye katumwa tu na hudaiwi kitu. Mtoaji hataki ajulikane, na mpokeaji haulizi mara ya pili, asije akamharibia mwenzake thawabu.

Mwaona nilivyojifunga mwenyewe.

Friza ile ilitoka mkononi mwangu ikiwa mali ya mteja. Ilipovuka kizingiti ikawa sadaka.

Mwezi ukaandama. Watu wakafunga. Ilipofika siku ya tano, Beryl akaniita ofisini. Uso umemkauka.

Alinieleza kwamba kuna mteja aitwaye Bi Zuwena ambaye amekuwa akipiga simu kila siku kuulizia friza yake. Beryl amekuwa akimjibu kila siku kwamba iko njiani. Ndivyo Joab alivyomfundisha. Kitu kikichelewa kiko njiani, kikipotea kiko njiani, kikiwa hakijanunuliwa kiko njiani.

Lakini siku hiyo Bi Zuwena alisema jambo jipya. Alisema jirani yake, nyumba ya tatu kutoka kwake, ameletewa friza na mkokoteni wa duka hili hili. Jirani anauza barafu za ukwaju kila magharibi na pesa anaziona. Na yeye Zuwena ameuza bangili yake ya dhahabu ili anunue friza afanye biashara hiyo hiyo. Hakumwambia mtu hata mmoja, mumewe wala shoga yake, kwa kuogopa hasadi. Na sasa anatuma kununua barafu kwa jirani. Basi yake iko wapi?

Beryl alifungua daftari. Mwezi ule tulikuwa tumeuza friza ngapi?

Moja.

Beryl akanitazama. Mimi nikautazama mkokoteni.

Joab hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikunja mikono juu ya tumbo akanipa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Friza irudi, au nilipe shilingi elfu kumi na mia nane.

Mshahara wangu ulikuwa elfu mbili na mia nne. Na nilikuwa na kopo la maziwa chini ya kitanda, ndani yake elfu nne na mia nane. Nilikuwa nimeziweka miaka miwili. Fundi wa Majengo alikuwa ananichongea mkokoteni wangu mwenyewe kwa elfu tano. Nilikuwa nimebakisha mia mbili, ndugu zangu. Mia mbili tu niwe tajiri wangu mwenyewe, nisiambiwe na mtu keti wala simama.

Jioni ile ile nikaenda Kibokoni.

Nilikuwa nimejipanga. Nitapiga hodi, nitasema kuna makosa, nitapakia, nitaondoka. Lakini nilifika adhana ikikaribia, na mtu hapigi hodi ya madai saa ile. Nikaketi barazani ningoje, karibu na Mzee Aidarus.

Adhana ikalia. Mlango ukafunguka kidogo, sinia likatoka. Mihogo ya nazi, kaimati, viazi vya karai, uji wa pilipili manga, na jagi la ukwaju lenye vipande vya barafu.

Sauti ya Bi Mwanamkuu ikatoka nyuma ya mlango. "Huyo si yule mwanangu aliyeleta? Msimwache kando. Ale."

Nikala.

Nyuma ya mlango friza ilikuwa ikinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Nilikuwa naisikia kila ninapomeza.

Nilipomaliza nilitaka kusema. Lakini hebu niambieni nyinyi mnaojua kusema. Mtu umetoka kunywa barafu ya mjane, midomo ingali baridi, utaanzaje kumwambia akupe friza? Nikashukuru nikaenda zangu.

Kesho yake nikarudi. Nikala tena. Kesho kutwa nikala.

Jioni ya tatu Mzee Aidarus aliniuliza kama nafunga. Nikasema la.

"Basi wafuturu nini, yakhe?"

Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na uji. Kuanzia kesho yake nikafunga, kwa haya tu. Nikawa nasukuma mkokoteni mchana kutwa na ulimi umekauka kama gunia, ili jioni nipate haki ya kushindwa kusema.

Jioni ya nne ndipo nilipomuuliza Mzee Aidarus. Nilikuwa nimeanza kuangalia vizuri sasa. Nyumba ya tatu kutoka pale ndiyo ilikuwa na mlango mpana ninaoujua, na baraza lake lilikuwa limepakwa rangi ya buluu ya mafuta, inang'aa. Nikamuuliza, mzee, si ulikuwa ukiketi pale?

Mzee aliinua upindo wa kanzu yake. Nyuma, mahali pa kuketia, kulikuwa na doa la buluu kubwa kama sahani.

Akanisimulia. Bi Zuwena aliamka asubuhi akapaka baraza rangi, hakumwonya mtu. Mzee kaja, kaketi. Alipoinuka, kanzu imebaki nyuma kidogo. Na badala ya kupewa pole aliambiwa ameharibu rangi, na kwamba Ramadhani hii baraza lina kazi yake, atafute pengine.

"Miaka ishirini," akasema Mzee. "Nimeambiwa nimeharibu rangi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Sikukosea njia. Anwani ndiyo iliyohama.

Nikamweleza yote. Bangili, daftari, kopo langu la maziwa, ile mia mbili. Nikamwomba anisaidie kumwambia Bi Mwanamkuu, maana yeye ni mtu mzima na neno lake lina uzito. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa. Akaongeza sauti ya redio.

"Mwambie mwenyewe. Mimi nimeketi tu."

Sikumwambia. Nilifika jioni tisa, nikala futari tisa, na friza ilikuwa pale pale.

Ijumaa ikafika. Joab akasema mimi ni mwoga, tutakwenda pamoja nione wanaume wanavyofanya kazi. Alivaa tai. Tulisukuma mkokoteni mtupu mpaka Kibokoni, alasiri, watu wamejaa barazani.

Joab alisimama mbele ya ule mlango, akajisafisha koo. Akasema kwa sauti yake ya kanisani, "Mama, mimi ndiye mwenye duka lililoleta friza hapa."

Kutoka ndani kukasikika kilio. Mlango ukafunguka wote. Bi Mwanamkuu akatokea kizingitini na buibui lake, binti watatu nyuma yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi," akasema Joab, "lakini..."

Ile lakini haikusikika. Bi Mwanamkuu alikuwa ameshainua mikono. Alisema hakuwa na haki ya kuuliza na hakuuliza, lakini madhali Mola amemleta mwenyewe mlangoni, hana budi kumwombea. Barazani watu wote wakasimama na kuinua mikono. Wapita njia wakasimama. Dua ikaanza.

Sasa Joab ni mlokole. Mlokole akisikia maombi hufumba macho, hata kama maombi si ya kwao. Niliona kope zake zikishuka. Niliona tai ikipanda na kushuka. Bi Mwanamkuu alimwombea watoto, akamwombea duka, akamwombea marehemu wazazi wake. Alipomaliza, Joab ndiye aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Tukaondoka. Mimi nasukuma mkokoteni mtupu, yeye amebeba bakuli la kaimati.

Tukavuka barabara kuu. Akala kaimati moja, akapangusa vidole.

"Katana, mimi siwezi kumnyang'anya mjane mbele ya Mungu."

Nikasema hata mimi.

"Basi utalipa," akasema.

Nikamuuliza, kwani sadaka si umeombewa wewe? Akasema maombi ni maombi na biashara ni biashara, na aliyekosea nyumba si yeye.

Jioni ile nilitoa kopo chini ya kitanda nikamhesabia elfu nne na mia nane. Elfu sita zilizobaki tukakubaliana anikate mia tano kila mwezi.

Bi Zuwena alipata friza nyingine nusu ya Ramadhani imeshakwisha. Niliipeleka mimi. Safari hii niliulizia mlango, nikaulizia rangi ya mlango, nikaulizia kufuli. Alinipokea kutoka nyuma ya pazia na hakunipa hata maji. Nilijaribu kumweleza kwamba kosa si langu, kwamba anwani aliyotoa ilikuwa Mzee Aidarus.

"Mzee Aidarus ana miguu," akasema Bi Zuwena. "Na wewe una macho."

Akafunga dirisha.

Kichochoro kikawa na wauza barafu wawili. Shilingi tatu ikashuka ikawa mbili, mbili ikawa moja. Walionufaika ni watoto.

Na Joab? Habari zilienea Mji wa Kale mzima kwamba kuna mtu wa bara ana duka Bondeni, Mkristo, lakini ana moyo kuliko wengi. Anatoa friza kwa wajane na hataki ajulikane. Mwezi wa Machi peke yake tulipata wateja kumi na mmoja kutoka Kibokoni. Siku ya Idd Bi Mwanamkuu alimpelekea sinia la pilau mpaka dukani.

Joab akalila. Nilimwona. Hakuacha hata ndimu.

Mimi nikakatwa. Februari mia tano, Machi mia tano. Masika mia tano. Ikaja mvua ile ya Elnino, nikasukuma majokofu kwenye maji ya magotini, mia tano. Fundi wa Majengo aliuza ule mkokoteni wangu kwa mtu wa Kongowea. Niliuona siku moja unapita Mwembe Tayari umebeba madafu. Ulikuwa unakwenda vizuri, haulii hata kidogo.

Nilimaliza deni mwezi wa Januari, siku chache baada ya Ramadhani nyingine kuandama. Nikapita Kibokoni jioni ile, nimwage moyo. Mzee Aidarus alikuwa pale pale mlangoni kwa Bi Mwanamkuu, redio ubavuni.

Nikamwambia, mzee, leo nimemaliza kuilipa ile friza.

Alizima redio. Kwa mwaka mmoja na zaidi niliomjua, sikuwahi kumwona akizima redio.

"Katana mwanangu," akasema. "Kuna neno."

Akaanza kunieleza, macho yapo chini. Siku ile ile ya rangi, alasiri, alikwenda duka la pale kichochoroni kununua betri za redio. Simu ya dukani iko dirishani. Akamkuta Bi Zuwena ameishika, amempa mgongo, ananong'ona. Doa la buluu lingali bichi kwenye kanzu. Akamsikia asema, nyumba anapoketi Mzee Aidarus.

"Ulimi wake umezoea. Asubuhi kanifukuza, alasiri kanifanya kibao cha njia. Nikasema, haya. Wataka nyumba anapoketi Aidarus? Aidarus ataketi."

Nikamtazama.

"Nilitaka ahangaike siku moja. Moja tu, Katana. Kesho yake ningekwambia uitoe uipeleke kwake. Lakini yule mama akaomba dua ile, na mimi nikaitikia amin. Ukishaitikia amin wasemaje tena?"

Nikamuuliza kama alijua kuwa nalipa mimi.

"Nilijua."

Nikamuuliza kama alijua habari za kopo langu la maziwa.

"Uliniambia mwenyewe."

Adhana ilikuwa karibu, nilisikia sahani zikipangwa ndani, na friza inanguruma. Mzee Aidarus aliniwekea mkono begani.

"Usinune. Thawabu tumegawana. Wewe umelipa, mimi nimeketi."

Mlango ukafunguka, sinia likatoka, nikala.

Basi nyinyi mnaoagiza vitu, someni hapa. Ukitoa njia ya kufika kwako, taja mlango wako, taja ukuta wako, taja hata shimo lililo mbele ya nyumba yako, kwa sababu shimo halina nongwa. Usimtaje mtu. Mtu ana miguu, na ukimuudhi huondoka na anwani yako.

Mimi jambo hilo lilinigharimu hivi:

Shilingi elfu nne na mia nane taslimu, za mkokoteni ambao nilikuja kuununua mwaka 1999, na kufikia hapo ulikuwa umepanda ukawa elfu saba.

Shilingi mia tano mara kumi na mbili.

Sikio moja, lile la Bi Salha, ingawa hilo ni la kabla.

Siku sita za kufunga bila kuwa Mwislamu. Futari kumi ziondoeni, nilizila.

Na friza moja niliyoitoa sadaka bila kujua. Nilimuuliza mtu wa dini kama nami nina changu huko juu. Akafikiri, akanijibu kwamba sadaka bila nia haiandikwi.